Maziwa ya Njia ya Karambi

Maziwa ya mama yake yalifika Goma kila siku ya soko, na Perpétue alipoyafunua hakuanza kwa kuyaonja. Aliinama akayatazama. Kama juu palikuwa na vidonge vya siagi, vidogo kama punje za mahindi, alijua njia ilikuwa kavu na Célestin ameshuka mbio. Kama yalikuwa yametulia, laini na meupe mpaka ukingoni, alijua mvua imenyesha milimani na Célestin ameshuka kwa miguu, ameikumbatia chukudu yake kama mtu anayemrudisha mlevi nyumbani.

Chukudu ni kifaa cha mti mtupu, hakina kiti wala pedali. Kina ubao mrefu wa kupakia mzigo, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa gari, na usukani kama pembe za ng'ombe. Célestin Harelimana alishuka nayo kutoka kilima cha Karambi, juu ya Sake, na viazi au makaa au mbao, na juu ya mzigo alifunga chombo cha maziwa cha mti chenye kifuniko cha kusukwa. Mzigo ulikuwa wa wafanyabiashara. Chombo kilikuwa cha Nyirarukundo, mama yake Perpétue, na maziwa yalikuwa ya ng'ombe wake, Gaju.

"Leo uliimba pa Kona ya Padri," Perpétue alisema siku moja, angali ameinamia chombo.

"Niliimba. Nani amekuambia?"

"Hakuna siagi. Kama huimbi unakimbia, kama unakimbia siagi inakuya."

Célestin akacheka, akafuta jasho kwa kofia. "Mama Lucie, wewe ungekuwa jandarme, siye wote tungekuwa ndani."

Kila kona ya njia ile ilikuwa na jina, wapita njia ndio waliolitoa, na Perpétue aliyajua majina yote. Toa Viatu, palipo na matope yanayokula viatu. Mahali pa Kuimba, ambapo mianzi inafunga macho, na anayeshuka lazima apaze sauti ili anayepanda atoke njiani. Kona ya Padri, ambapo padri mmoja aliingia porini na pikipiki yake, akatokea upande wa pili akitembea. Aliyajua, lakini hakuwa ameyaona kwa macho. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa, na utoto wake wote hakuvuka kilima chao. Siku alipoolewa walimshusha ndani ya ngobyi, machela ya kusukwa ambayo watu wa kule hubebea bibi arusi na wagonjwa, amefunikwa mwili mzima kama desturi inavyotaka. Alichokiona cha njia ni giza la mkeka na visigino vya mbebaji wa mbele. Tangu hapo alikuwa Majengo, mtaa wa Goma, na mume wake Paul Ntirenganya, mlinzi wa depo ya kahawa, na mtoto wao mmoja, Lucie, ambaye hakuwa amefikisha miaka mitatu.

Kwa hiyo maziwa yale alikunywa polepole, ameketi, kama alivyofundishwa. Alikuwa akinywa njia ya kwao.

*

Lucie alianza na homa ya jioni, kisha tumbo, kisha akaacha kucheza. Alikaa mlangoni na kutazama kuku bila kuwafukuza, na hapo ndipo Paul mwenyewe alisema wampeleke dispensaire, zahanati ya mtaa.

Mganga aliyewapokea alikuwa kijana aliyevaa abakosti safi, ile suti isiyo na tai, kola imesimama. Alimgusa mtoto tumbo, akamfungua jicho. Mama alimwita citoyenne, mwananchi, kama serikali ilivyoagiza.

"Citoyenne, mutoto anakunywaka nini?"

"Maziwa."

"Munachemsha?"

Perpétue akamfunika mtoto tumbo.

"Citoyenne, nimeuliza."

"Kwetu maziwa haichemshwe."

Wanawake waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mmoja alisema pembeni, akijifanya anaongea na mwenzake, "Banyarwanda na ng'ombe yao. Mutoto afe, ng'ombe apone."

"Kwenu ukichemsha inafanya nini?" mganga aliuliza. Hakuwa na dharau. Alitaka kujua, au alikuwa amechoka.

"Chuchu ya ng'ombe inapasuka. Maziwa inakauka."

"Ng'ombe iko wapi?"

"Karambi. Masisi."

"Na sufuria yako iko wapi?"

"Majengo."

"Ng'ombe haiko naona sufuria yako, citoyenne. Ile maziwa iko na mikrobe, njo inamuumiza. Chemsha. Ukiendelea kumupa mbichi, usinirudishie mutoto huyu, juu sitakuwa na dawa ya kumupa."

Walirudi kwa miguu, Paul amembeba mtoto. Njia nzima Perpétue alisikia kile kicheko cha benchi nyuma ya shingo yake. Lakini alipofika nyumbani si kicheko kilichomzuia. Maziwa hayawekwi motoni kama vile mtu aliyelala harukwi, na kama vile baba mkwe hatajwi jina. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini, wala hakuwahi kuuliza.

Siku ya soko maziwa yakafika, na siagi kidogo juu. Perpétue alingoja Célestin aende kupeleka viazi. Alifunga mlango, akaangika kitenge dirishani, akaenda kwa jirani yake Cibalonza kuomba sufuria, maana zake zilikuwa za ugali na hakutaka kuzichanganya.

"Unajificha nani?" Cibalonza alimwuliza. Alikuwa Mushi, kabila la wafugaji wa Kabare, mama mnene mwenye mikono mizito, na macho yake hayakukosa kitu. "Hata kwetu bazee banakataa. Lakini bazee habakuyake kukaa na wewe ku dispensaire."

"Nipe tu sufuria, mama."

Aliweka maziwa motoni, akaketi mbali nayo. Mtu ambaye hajawahi kuchemsha maziwa hajui kwamba yanapanda. Anafikiri ni kama maji, yatacheka humo chini na kutulia. Perpétue aligeuka kumfunika Lucie, na alipotazama tena sufuria ilikuwa inapumua. Kitu cheupe kilivimba juu ya ukingo, kikamwagika juu ya makaa. Harufu ikajaza nyumba, ikapita chini ya mlango, ikatoka uani, harufu ya maziwa yanayoungua ambayo hakuwahi kuisikia maishani, na bado aliitambua.

Mlango ukagongwa. Célestin alikuwa amerudi kuchukua chombo.

Alisimama kizingitini, kofia mkononi. Akaitazama sufuria, makaa, kitenge cha dirishani.

"Mutoto ni mugonjwa," Perpétue alisema. "Mganga njo amesema."

"Nimesikia."

"Utamwambia mama?"

Célestin akachukua chombo, akakitikisa kuona kama ni kitupu. "Sitamwambia. Lakini akiniuliza, Mama Lucie, nitasema nini? Yule mukecuru ananiangalia mu macho."

*

Maziwa kidogo yaliyobaki ndani ya sufuria Lucie aliyanywa, na wiki ile Cibalonza alimnunulia mengine sokoni, wakayachemsha wote wawili wameinamia sufuria kama watu wanaolinda mwizi. Homa ikapungua. Tumbo likatulia. Asubuhi moja kuku walipiga kelele, na Perpétue alipotoka alimkuta Lucie anawafukuza na fimbo.

Siku ya soko Célestin alifika na mbao. Juu ya mbao hapakuwa na kitu. Alianza kufungua kamba bila kusalimia, na Perpétue akajua.

"Mukecuru anasemaje?"

"Anakusalimia."

"Na maziwa?"

Célestin aliligusa gurudumu la mbele kama mtu anayetafuta ufa. "Gaju amepasuka chuchu. Ukimugusa anapiga teke. Mukecuru alinipeleka nikaona kwa macho yangu. Kisha akaniuliza."

"Ukamwambia."

"Nikamwambia. Akakamata chombo, akakifunika. Kisha akasema, chombo kilale kwangu."

Perpétue alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Alimpa Célestin maji, akamwuliza habari za njia, akaambiwa njia ni kavu. Alipoondoka akaingia ndani, akaketi pale alipokuwa akiketi kunywa maziwa.

Siku za soko zilizofuata alijikuta kando ya barabara ya Sake, miongoni mwa wauza makaa. Chukudu ziliingia mjini moja nyuma ya nyingine, nyeupe kwa vumbi, na kwenye kila moja alitazama juu ya mzigo. Alijua hakuna kitu. Alitazama tu. Maziwa ya sokoni yalikuwa ya ng'ombe asiowajua, yamekuja ndani ya bidoni za plastiki nyuma ya lori, hayakuwa na siagi wala utulivu, hayakusema yametoka wapi. Alimchemshia mtoto. Yeye mwenyewe hakunywa.

Paul alimvumilia, kisha akachoka.

"Ni ng'ombe, Mama Lucie. Chuchu inapasuka sababu ya upepo. Inapasuka juu ya miiba, juu ya ndama iko na meno."

"Najua."

"Unajua, basi unalia nini?"

"Silii ng'ombe, Papa Lucie."

Paul akavua viatu, akavipanga ukutani. "Unataka kupanda Karambi."

"Mama ni muzee. Kama akienda ku kaburi na hasira hii, nitaitoa wapi?"

"Na ule mguu utapanda je? Siwezi tuma batu bakubebe mu ngobyi. Wewe si bibi arusi, na si mugonjwa."

"Célestin anapandaka na chumvi na mafuta ya taa. Mimi sishindi chumvi kwa uzito."

Kesho yake Paul aliomba ruhusa kwa mkubwa wake wa depo, ili amsindikize mke wake hadi Sake. Alieleza kwa kifupi, lakini mkubwa alitaka kueleweshwa vizuri, na aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapakiaji: "Ni bibi yako iko mugonjwa, ao ni ng'ombe iko mugonjwa?" Wapakiaji walicheka wakashindwa kubeba gunia. Ruhusa hakupata. Kutoka siku ile walimwita Papa Ng'ombe, na yeye aliitika, maana ukikataa jina la namna hiyo linakaa zaidi. Jioni alirudi nyumbani na mfuko wa chumvi ya mawe begani.

"Ya Gaju," alisema, akauweka mlangoni. "Ng'ombe haikataake chumvi."

*

Lori la makreti liliwafikisha Sake, Perpétue na Lucie. Célestin alikuwa akiwangoja karibu na soko na mwenzake Zéphirin, mtu mrefu asiye na maneno, ambaye naye alipanda mtupu siku ile na alikubali kuacha chukudu yake nyuma ili asaidie kusukuma. Walitandika gunia juu ya ubao. Perpétue alikaa, miguu mbele, mguu mfupi juu ya mrefu, mtoto kifuani, na mfuko wa chumvi mgongoni kama kiegemeo. Célestin akamfunga kwa mpira wa kufungia mzigo, fundo lile lile analofungia viazi.

Wauza samaki wakasimama kutazama. Perpétue alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Célestin," mmoja aliita, "ule muzigo unauza pesa ngapi?"

"Umeshanunuliwa, mama. Bwana mumoja wa Goma, zamani sana. Ninaurudisha tu kwenye ulitoka."

"Umeharibika?"

"Unalia maziwa."

Walicheka, na Perpétue akatazama mbele. Masikio yake yaliwaka moto. Lakini chukudu ilianza kusogea, gurudumu likalia kwenye mti wake, na mara nyumba za Sake zikaisha, njia ikaingia chini ya mikaratusi.

Hapo akainua uso.

Njia ilikuwa nyembamba kuliko alivyofikiri. Ilipanda ikijipinda kwenye ubavu wa kilima, nyekundu, na katikati yake magurudumu yalikuwa yamechimba mfereji laini kama ulimi. Mizizi ilivuka kutoka upande huu hadi ule, na kila mzizi ulipogonga gurudumu Perpétue alirushwa kidogo, meno yakagongana. Akaanza kuelewa. Hii mizizi ndiyo siagi. Miaka yote ile alikuwa akiitoa kwa kijiko na kuila.

"Hapa ni wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kona ya Padri," Célestin alijibu, akihema. "Angalia chini, utaona pikipiki yake."

Alitazama bonde, akaona tu miti, na ukungu umelala kati ya miti, na mbali sana chini kipande cha ziwa kinang'aa. Hakuwahi kujua kwamba kutoka kwenye njia ziwa linaonekana. Maziwa hayakuwahi kumwambia hilo.

Mahali pa Kuimba walisikia sauti juu yao, mtu anaimba Salamu Maria kwa kasi kama anayedaiwa. Zéphirin akawavuta wote porini, kwenye mianzi, maana anayeshuka ndiye mwenye njia, na anayepanda anampisha hata akiwa na askofu. Chukudu ikapita na magunia ya makaa, gogo limefungwa nyuma likiburutwa kama breki, vumbi limetanda. Mwenye chukudu alimwona Perpétue amefungwa kwa mpira kati ya majani, na wimbo ukamkatika.

"Célestin, sasa tunapandisha banawake na kushusha makaa?"

"Angalia njia, wewe," Célestin alimwambia, lakini mtu alikuwa amekwisha kupita, na kicheko chake kilishuka kona mbili kabla ya kuisha.

Pa Toa Viatu chukudu ilizama hadi kwenye ubao. Zéphirin alimchukua Lucie begani, Célestin akabeba chumvi, na Perpétue ikambidi ashuke. Mguu mfupi haukupata chini. Alipiga hatua, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, mwisho akaacha kusimama, akavuka kwa mikono na magoti na kitenge chake cha kanisani, wanaume wote wawili wakitazama pembeni kwa heshima. Alipofika upande wa pili alikaa kwenye jani la mgomba, akatazama matope mikononi mwake.

"Hapa njo maziwa inatuliaka," alisema.

"Njo hapa," Célestin akajibu, akampa kofia yake ajifute.

*

Ng'ombe walikuwa wanarudi walipofika. Nyirarukundo alisimama mlangoni mwa ua wake na fimbo, mdogo kuliko binti yake alivyomkumbuka, kitambaa kimefungwa begani. Aliwatazama wakipanda kipande cha mwisho, chukudu, wanaume, mtoto, yule mwanamke mwenye matope amefungwa kama mzigo. Hakupiga hatua.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Basi umekuja kwa nini?"

"Nimekuja kumsalimu Gaju."

Mzee alifungua njia kidogo, kwa upana wa mtu mmoja. Alimwinamia Lucie kwanza, akamkumbatia, akamgusa mbavu moja moja. Baadaye akamkumbatia binti yake, kwa mikono, kifua kikiwa mbali.

Gaju alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu. Aliunusa mfuko wa chumvi kabla haujafunguliwa. Alipokuwa analamba, Nyirarukundo alinyanyua mkia, akaonyesha ufa kwenye chuchu, mweusi, umepakwa samli.

"Tazama."

"Naona."

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukafanya."

"Mtoto alikuwa anaisha."

"Wewe nilikulea na maziwa mabichi. Ulikufa?"

"Mimi sikufa," Perpétue alisema. "Na wale wawili walionifuata kuzaliwa?"

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Célestin, aliyekuwa anafungua kamba nje ya ua, aliacha kufungua. Ng'ombe peke yake ndiye aliyeendelea, ulimi wake ukikwaruza mawe ya chumvi. Nyirarukundo alishusha mkia wa Gaju taratibu, kama anayefunga mlango kwenye chumba cha mgonjwa.

"Hilo usilirudie," alisema.

"Sitarudia."

Mzee alikaa kwenye kigoda chake, akakamua kwa upande ambao haukupasuka, vidole vyake vikienda vyenyewe. Maziwa yalitoka machache, yenye povu. Lucie alipoona chombo alinyoosha mikono. Tangu Sake hakuwa amekula ila ndizi moja. Nyirarukundo alikitoa chombo magotini, akakielekeza kwa mjukuu wake, mdomo wa chombo kwenye mdomo wa mtoto.

"Mama," Perpétue alisema.

Neno lile tu. Chombo kikasimama hewani, na Lucie akaanza kulia.

"Nikimpa utamzuia?"

"Nitamzuia."

"Atalala na njaa, kwangu, na maziwa yapo?"

"Atalala na njaa."

Mzee akakirudisha chombo magotini. Kisha alilowesha kidole kwa ulimi, akakiinua juu kupima upepo.

"Moto hauingii ndani ya ua wangu," alisema.

"Nimesikia."

"Wala moshi. Upepo unashuka Sake. Nendeni njiani, chini ya mikaratusi, huko mnakoegesha mambo yenu ya mti. Gaju asione."

Célestin alikuwa na sufuria ndogo ya safari. Aliwasha moto kando ya njia, kati ya mawe matatu, na Nyirarukundo mwenyewe alimimina maziwa ndani ya sufuria kutoka juu ya uzio, mikono imenyooshwa, uso ameugeuzia pembeni. Kisha akarudi kwa ng'ombe. Alifungua kitambaa cha begani, akamfunika Gaju macho, akasimama akikishika, mgongo kwa njia.

Perpétue alichuchumaa na mguu wake mzuri, hakutoa macho kwenye sufuria.

"Yanafanya nini sasa?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Bado, mama. Yametulia."

Wakangoja. Lucie alikuwa amenyamaza, anatazama moto.

"Na sasa?"

"Yanapanda."

"Yanapanda kwenda wapi?"

"Juu. Yanataka kumwagika."

"Basi yatoe. Yatoe haraka, usiyamwage tena juu ya moto, unanisikia?"

Perpétue aliyanyanyua kwa pindo la kitenge, yakashuka yenyewe ndani ya sufuria, yote. Aliyapepea mpaka mtoto akaweza kuyanywa. Lucie alikunywa amesimama katikati ya njia, mikono miwili kwenye sufuria, na hakuna aliyemwambia aketi.

Ndani ya ua kitambaa kilitolewa machoni mwa Gaju. Kigoda kikaburutwa, maziwa yakaanza tena kugonga chombo, kidogo kidogo, yakasimama.

"Wewe unangoja nini huko njiani?" Nyirarukundo alisema. "Sufuria iache. Yako yapo huku, bado yana joto la Gaju. Njoo ukae, yasije yakapoa."